Mashetani wa Lilanga na gogo la mpingo
Mashetani waliochongwa na marehemu George Lilanga (1934–2005), mchongaji Mmakonde wa Tanzania, hawatishi, wanacheza. Masikio mapana, midomo iliyotokeza, vidole viwili vitatu tu. Kutoka mpingo alihamia mti laini, akaupaka rangi kali za mafuta. Wanaomuiga wengi hukwama hapo: mti mbichi ukipakwa rangi, unyevu wa ndani hauna pa kutokea, rangi inavimba na kubanduka.

Mpingo nao hautaki haraka. Paka nta ncha zote mbili za gogo, liweke kivulini, maana ncha hukauka kabla ya tumbo na ufa huanzia hapo. Tezo kwanza, halafu patasi, tupa, msasa. Mikono na masikio viache vinene hadi mwisho. Vikiwa vyembamba mapema, pigo moja tu la patasi huvivunja.