Baiskeli, hema na visubi: kujiandaa kwa safari ndefu Nyanda za Juu za Uskoti

Anayejiandaa kuvuka Nyanda za Juu za Uskoti kwa baiskeli wakati wa kiangazi huuliza kwanza ajipake dawa gani dhidi ya visubi, wale wadudu wadogo sana wanaouma. Swali la kwanza liwe jingine: kwa siku nzima utalazimika kusimama mara ngapi, na utasimama wapi? Visubi wa huko hawamsumbui sana aliye mwendoni. Wanamla aliyesimama kuziba pancha bondeni, anayehangaika na hema penye majani yaliyolowa, anayechota maji ziwani jioni isiyo na upepo. Karibu kila ushauri ulio hapa chini, kuanzia meno ya gia hadi chakula, unalenga kupunguza dakika hizo.

Tabia za mdudu mwenyewe ndizo zinazopanga ratiba. Kitaalamu anaitwa Culicoides impunctatus, na mabawa yake yakitandazwa ni kama milimita 2 tu. Anayeuma ni jike. Mayai yake ya kwanza huyataga bila kuhitaji damu, ndiyo maana hata bonde lisilo na mtu wala mnyama laweza kujaa visubi; damu anaitafuta kwa ajili ya mayai yanayofuata. Mabuu hukaa kwenye sentimita chache za juu za udongo wa majimaji wenye asidi, hasa panapoota mosi (mimea laini mifupi inayotandaa penye unyevu) na zile nyasi ngumu za mviringo zinazojikusanya mafungu mafungu. Ukiziona nyasi hizo, hapo si pa kulala, hata ardhi ikiwa tambarare kiasi gani.

Hutokeza kuelekea mwisho wa Mei, huwa wengi zaidi Julai na Agosti, na hupungua Septemba ikisonga. Pwani ya magharibi, yenye mvua nyingi, ina visubi wengi kuliko upande wa mashariki. Wanapenda mawingu, unyevu na mwanga hafifu. Jua kali linawafukuza, na upepo unaozidi takriban kilomita 11 kwa saa unawazuia kuruka. Kwenye utabiri wa hali ya hewa wa Uingereza utauona umeandikwa maili 7. Huvutwa na kaboni dioksidi tunayoitoa puani na hutua zaidi kwenye nguo nyeusi. Huko Uskoti hawaambukizi binadamu ugonjwa. Wanachoharibu ni usingizi, mlo na utulivu wa akili, na hilo la tatu ndilo baya zaidi, kwa kuwa mtu anayeumwa uso mzima hufanya haraka: anaacha ekseli haijakazwa, anachana zipu ya hema, anasahau mfuko juu ya jiwe.

Ukiweza kuchagua mwezi, nenda Mei au mwishoni mwa Septemba. Si bure kwamba Highland Trail 550, mzunguko wa takriban maili 550 unaoanzia na kuishia Tyndrum, huendeshwa kwa pamoja mwishoni mwa Mei. Kama likizo yako ni Julai, safari bado inawezekana, ila jua kwamba usiku wa kaskazini ni mfupi. Mwezi Juni, Inverness, jua huzama baada ya saa 4 usiku na kuchomoza kabla ya saa 10 na nusu alfajiri, na katikati hapo mwanga hafifu hauishi kabisa. Huo ndio mwanga wanaoupenda. Basi endesha jioni badala ya kupumzika jioni. Lala mchana nusu saa juani, penye upepo, kisha usafiri hadi saa 4 na utafute mahali pa juu pa kupiga hema.

Baiskeli sasa. Gia nyepesi inahitajika, lakini fanya hesabu yake. Meno 30 mbele na 51 nyuma, gurudumu la inchi 29, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, unakwenda karibu kilomita 5 kwa saa. Upepo ukikupuliza mgongoni kwa kasi hiyohiyo, hewa inayokuzunguka imetulia kama ya chumbani, na visubi watapanda nawe hadi juu. Dawa yake si kubadilisha gia. Jipake na uweke neti ya kichwa mahali pa kufikika kabla mlima haujaanza, na mapumziko uyapeleke kileleni au kwenye bega la mlima linalopigwa na upepo.

Tairi ndizo zinazosimamisha watu wengi. Njia za mashamba ya milimani zimekatwa na mifereji ya kutolea maji, iliyojengwa kwa mawe yaliyosimamishwa wima, yenye ncha kali. Ukishuka kwa kasi na tairi laini, jiwe hulibana tairi dhidi ya rimu na kulitoboa pande mbili kwa mpigo, au kuchana ubavu wake. Tumia tairi zisizo na tyubu, zenye ubavu mnene, upana wa inchi 2.3 au 2.4. Kwa mwendeshaji wa kilo 75 hivi mwenye mzigo wa kilo 10, anza na bar 1.7 nyuma na 1.5 mbele, kisha rekebisha. Mimina mililita 100 hadi 120 za maji ya kuzibia tundu kwenye kila tairi wiki moja kabla ya kuondoka, hata kama yaliyomo yaliwekwa miezi 3 tu iliyopita, kwa sababu hukauka na kugeuka vibonge vya mpira visivyoziba chochote. Beba vijiti vya mpira vya kuzibia 6, tyubu 2, kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani ya mpasuko, na sindano nene yenye uzi wa nailoni wa kushonea ubavu. Vijiti vikae karibu na mkono, kwani tundu likizibwa ndani ya sekunde 30 bila kutoa gurudumu umeokoa robo saa ya mateso.

Breki zinahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Maji ya milimani huja na changarawe laini inayokwangua pedi, na pedi za resini zinaweza kuisha kwa siku chache za mvua. Funga pedi za chuma kilichochomwa, kama diski zako zinazikubali. Diski nyingine zimetengenezwa kwa pedi za resini peke yake, soma maandishi yaliyo juu yake. Beba seti 2 za akiba. Mnyororo uliorefuka asilimia 0.5 ubadilishe kabla ya safari, utumie mafuta mazito ya hali ya mvua, na ubebe viungo 2 vya haraka pamoja na kile kipande cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma. Kila fremu ina umbo lake la kipande hicho, na duka la kijijini halitakuwa nacho. Ongeza spoku 2, boliti 2 za kleti (kile kibati cha chini ya kiatu kinachonasa kwenye pedali) na vifungo vya plastiki. Sehemu nyingine za njia utasukuma baiskeli, na kleti hulegea bila kukuarifu.

Mpangilio wa mifuko ufuate dharura, si uzito peke yake. Kwenye kimfuko cha juu ya fremu, nyuma ya usukani, viwekwe neti ya kichwa, dawa ya kujipaka na glavu nyembamba. Hakuna kingine chenye haki ya kukaa hapo. Pampu, vijiti na vifaa vya ufundi vikae kwenye mfuko wa ndani ya fremu, upande wa kulia, ili viwe juu ukiilaza baiskeli upande wa kushoto. Hema lote, pamoja na nguzo na vigingi, lifungwe mbele kwenye usukani, mbali na mfuko wa kulalia, kwa sababu asubuhi nyingi utalifunga likiwa limelowa. Mfuko wa nyuma ya tandiko uwe wa nguo na vya kulalia, vyote ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Neti yenyewe ichague kwa tundu. Chandarua cha kawaida cha mbu kina matundu ya milimita 1.2 au zaidi, na kisubi anapita bila shida. Tafuta yenye matundu yasiyofika milimita 1, rangi nyeusi, kwa kuwa jicho linaona vizuri zaidi kupitia nyeusi kuliko nyeupe. Ivae juu ya kofia yenye ukingo, maana ikigusa ngozi wanauma kupitia humohumo. Kwenye mteremko ivue: inapunguza uwezo wa kuona mawe, na kwa mwendo ule huihitaji.

Dawa ya kujipaka yenye icaridin asilimia 20 inatosha na haiharibu vifaa. DEET nayo inafanya kazi, ila inayeyusha baadhi ya plastiki, zikiwemo miwani, kioo cha saa na vitambaa vya kunyumbulika, na mwendeshaji baiskeli amevaa na kushika vitu hivyo kutwa nzima. Krimu ya jua ipakwe kwanza, subiri dakika 15 au 20, kisha dawa. Usiamini saa zilizoandikwa kwenye chupa. Jasho linaiosha mapema. Nguo ziwe za rangi nyepesi, zilizofumwa kwa kubana, zenye lastiki mikononi, na soksi zipandishwe juu ya suruali. Visubi hawatoboi kitambaa cha namna hiyo, wanatafuta upenyo. Pange ndiye anayeuma kupitia nguo ya kubana mwili, naye hutoka siku za joto na jua, zile ambazo visubi wametulia. Nguo ukizitibu kwa permethrin, dawa ya kuua wadudu, zitibie nyumbani na uzikaushe kabisa, kisha usizifue mtoni, kwani ni sumu kali kwa samaki na wadudu wa majini.

Hema liwe na chumba cha ndani cha neti kinachofungika kabisa. Turubai tupu, au gunia la kulalia lisilo na neti usoni, ni kwa usiku wa upepo tu, na upepo hauagizwi. Penye kulala patafutwe juu: mwinuko, ncha ya nchi inayoingia baharini, au sehemu tambarare ya mteremko iliyo wazi, mbali na maji yaliyotuama na gugu refu. Utaratibu wa kupiga hema ni huu. Ukiwa bado barabarani, kabla ya kushuka, jua pa kuliweka. Shuka, vaa neti, glavu na koti kabla ya kugusa kifungo chochote. Simamisha hema, tupa mifuko yote ndani kwa mkupuo mmoja, ingia, funga zipu, kisha uwaue walioingia nawe mmoja mmoja kabla ya kufungua mfuko wa kulalia. Chupa ya mkojo ibebwe, tena yenye mdomo mpana. Asubuhi kila kitu kifungwe ukiwa ndani, viatu vikiwa mguuni. Hema linakuwa la mwisho. Chai isubiri kilomita 5 au 10, mahali penye upepo.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kweli ya safari hii. Watu hupika ndani ya hema lililofungwa ili kukwepa visubi. Jiko la gesi hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua mtu aliyelala, mbali na moto wenyewe kushika kitambaa. Kila siku uwe na mlo mmoja usiohitaji moto: gramu 100 za kuskusi kwenye kopo la kufunga, maji baridi yaliyoipita kidogo, chumvi na mafuta, ukiiloweka saa moja kabla ya kusimama. Moto wa kuni wa kutoa moshi pia uache. Udongo wa huko ni mboji inayoungua chini kwa chini kwa siku nyingi.

Kwa upande wa sheria, Land Reform (Scotland) Act ya 2003 inakupa haki ya kupita kwa baiskeli na kulala porini ukijiheshimu na kuheshimu ardhi. Isipokuwa maeneo fulani ya hifadhi ya Loch Lomond and The Trossachs, hasa kando ya maziwa, ambako kuanzia 1 Machi hadi 30 Septemba unahitaji kibali cha kupiga hema. Wanaopita Badger Divide, njia ya baiskeli kati ya Inverness na Glasgow, waangalie ramani mapema. Vibanda vya kulala vya milimani vinavyotunzwa na shirika la Mountain Bothies Association ni vya bure, lakini havina nafasi ya kuhifadhiwa na visubi huingia mlangoni kama wewe. Hema libebwe hata hivyo. Kati ya Ullapool na Poolewe, kupitia pori la Fisherfield, hakuna duka, na mito ya karibu na kibanda cha Shenavall haivukiki baada ya mvua kubwa. Beba chakula cha siku moja ya ziada, na maji yakijaa, subiri.

Usisahau kupe. Wao ndio wanaobeba ugonjwa wa Lyme, si visubi. Kila usiku jikague nyuma ya magoti, kinenani, kiunoni na makwapani. Mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute polepole kwa unyoofu. Usimpake mafuta wala kumchoma. Andika tarehe. Doa jekundu linalopanuka, kwa kawaida ndani ya wiki 1 hadi 4, ni la kumpelekea daktari hata kama umesharudi nyumbani na unajisikia mzima. Kwa muwasho wa visubi, dawa ya mzio isiyoleta usingizi na krimu ya hydrocortisone asilimia 1 vinatosha. Kata kucha fupi kabla ya kuondoka, kwa sababu utajikuna ukiwa usingizini, na vidonda vya mikono iliyojaa matope ndivyo vinavyooza.