Springi kwanza, mengine baadaye

Kabla ya mbio za pikipiki za klabu pale Brands Hatch, Uingereza, anza na shokapu ya nyuma. Inua gurudumu lining'inie, pima kutoka ekseli hadi mkiani. Dereva apande na mavazi yote ya mbio, upime tena: tofauti iwe karibu milimita 30 hadi 35. Ikizidi, kaza springi, maana nyuma ikilala pikipiki hutanuka nje ya mstari wake kwenye kona ukifungua mafuta. Wengi hukimbilia skrubu za kurekebisha mwendo wa shokapu mapema mno. Radieta iwe na maji matupu. Dawa ya kuzuia barafu ikimwagika, lami huteleza vibaya sana. Nati ya kumwagia oili ifungwe waya isilegee. Pale Brands Hatch, Graham Hill ni kona ya kushoto baada ya mbili za kulia: mzunguko wa kwanza, upande huo wa tairi huwa bado baridi.