Michango ya sendofu ilipoingia kwenye lipa namba ya duka

Binti yangu alipochumbiwa, kamati ya sendofu, yaani sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilikaa sebuleni kwangu Sinza, na swali la kwanza likawa michango itumwe wapi. Mimi ni fundi cherehani, nina duka, na lipa namba yangu, ile ambayo wateja hulipia kwa simu, imebandikwa mlangoni. Mwekahazina akasema hiyo inatosha, jina linatokea, mtu hakosei. Nikakubali. Kwa miezi minne watu wakamalizia ahadi zao kidogo kidogo: majirani, wenzangu wa mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, ndugu wa Tanga. Zikafika shilingi 7,350,000. Sendofu ikafana, tukamshukuru Mungu.

Machi iliyofuata ukaja wakati wa makadirio ya kodi. Nikatoa taarifa ya miamala ya mwaka mzima nikampelekea kijana anayenisaidia hesabu. Akajumlisha kila kilichoingia, akaniambia hayo ndiyo mauzo yako. Nikamwambia humo kuna michango ya mwanangu. Akajibu, "Mama, pesa ikiingia kwenye namba ya biashara ni ya biashara."

Neno hilo liliniuma. Ndani ya ile orodha kulikuwa na 10,000 ya bibi anayeuza mihogo pale kwenye kona yetu. Mimi sijawahi kumshonea hata kanga. Alitoa kwa sababu amemwona binti yangu akikua. Leo iandikwe kwamba ameninunulia gauni?

Nikakaa jioni tatu na daftari la kamati. Mwekahazina wetu, Mungu ambariki, alikuwa ameandika kila jina, tarehe na kiasi, na ujumbe wa kwenye kundi la kamati haukufutwa. Nikachukua karatasi za miamala na kalamu mbili: nyekundu kwa michango, bluu kwa wateja. Wanne walikuwa wateja na pia wachangiaji. Hao niliwapigia simu mmoja mmoja, nikawauliza hii ilikuwa ya mshono au ya sendofu. Nikaambatanisha kadi ya mwaliko, nikabeba vyote hadi ofisi ya kodi.

Afisa aliyenipokea alikuwa na umri wa mwanangu, na alinisikiliza hadi mwisho. Akanieleza kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inatoza mapato ya ajira, ya biashara na ya uwekezaji. Zawadi na urithi vimewekwa kwenye orodha ya vilivyosamehewa, isipokuwa pale zawadi yenyewe imetokana na ajira yako, biashara yako au uwekezaji wako. Mistari yangu myekundu ikatoka kwenye hesabu ya mauzo.

Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Na hii 400,000, mama?"

Nikamwambia ni zawadi pia, ya tajiri wa vitenge wa Kariakoo ninayechukua mzigo kwake. Alinitumia mwisho wa mwaka kwa kuwa nilinunua sana. Akaniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo: "Ungekuwa hununui vitenge kwake, angekupa?" Nikanyamaza. Asingenipa. Hiyo ni zawadi iliyopatikana kwa ajili ya biashara, na sheria inaihesabu kuwa mapato ya biashara hata kama tajiri mwenyewe aliiita asante. Nikaichora bluu palepale.

Swali hilo ndilo lililonifanya nimwelewe kaka yangu. Yeye ameajiriwa, na kampuni yake ilimpa 500,000 kama mkono wa sendofu, ikapitia kwenye mshahara. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, ikachukua 150,000, kwa sababu mshahara wake unaotozwa kodi ulishavuka 1,000,000 kwa mwezi, na kinachozidi hapo hukatwa asilimia 30. Alilalamika kwamba mchango umekatwa kodi. Lakini wenzake wa ofisini nao walichangishana mifukoni mwao, wakamletea bahasha nyumbani, na ile haikuguswa na mtu. Sherehe moja, watu wa ofisi moja. Cha mwajiri kilimfikia kwa kuwa ni mfanyakazi wake, na cha wenzake kilitoka kwa marafiki. Mimi naona sheria hapo imetenda haki, ingawa kaka yangu bado hajakubali.

Pesa ya mchezo nayo sikuiingiza kwenye mauzo. Nilikuwa nimechanga mwenyewe mwezi hadi mwezi, zamu yangu ilipofika nikarudishiwa yangu.

Makadirio yakatoka kwa mauzo yangu halisi, nalipa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Siku hiyo hiyo nilisajili laini nyingine ya simu kwa mambo ya familia tu. Mdogo wake binti yangu anaolewa mwakani, na kwenye kadi za michango tumeshaandika namba hiyo. Daftari ni la mwekahazina yule yule.