Senene, eshabwe na malewa: kula Uganda kwa msimu wake

Mgeni akiteremka basi Kampala mwezi wa Februari akaulizia senene, wale panzi wanaoliwa, atauziwa. Ila atauziwa wa Novemba, waliokaangwa, wakalazwa kwenye friza, kisha wakapashwa asubuhi hiyo. Atatafuna, atakunja uso, na akifika kwao atasema Waganda wanakula makapi. Mdudu hana kosa. Vyakula ambavyo Uganda inajivunia vina msimu wake, vina kwao, na kila kimoja kina hatua ambayo ukiikosea, basi umepoteza chakula.

Senene huruka usiku kwa makundi wakati wa mvua, mara mbili kwa mwaka: msimu mkubwa ni Novemba kuelekea Desemba, mdogo ni Aprili na Mei. Siku hizi hawaji kwa wingi wa zamani, na kuna misimu ambayo wategaji wanakesha bure. Masaka ndiko makao makuu ya biashara hii. Mtego wenyewe ni mabati mapya yaliyosimamishwa kwa kuinama kidogo, miguu yake ikiwa ndani ya mapipa, na juu kunaning'inizwa taa kali, mara nyingi za wati 400. Pembeni huchomwa nyasi mbichi. Mwanga unawavuta, moshi unawalevya, wanajigonga kwenye bati na kuteleza hadi pipani. Ndiyo maana bati lenye kutu halifai: senene anapata pa kushika, anaondoka zake.

Ukitaka kutazama, simama mbali na taa na usizikodolee macho, maana zinaumiza. Funga pia vifungo vya shati. Taa haichagui mdudu, na miongoni mwa wanaokuja ni yule mwembamba mwenye mistari myekundu na myeusi, ambaye ukimponda kwenye shingo yako majimaji yake yanababua ngozi. Akikutua mpulize, usimpige.

Nunua walio hai.

"Nyabo, hawa ni wa lini?"

"Wa usiku huu, ssebo. Tia mkono uone."

Tia kweli. Wakikurukia vidoleni, lipa. Wakilala kimya na gunia lina joto, wameanza kuoza, na chumvi haitaficha harufu. Wanauzwa kwa kikombe, na waliokwisha kunyonyolewa wana bei zaidi kwa sababu kazi yenyewe ndiyo hiyo: mabawa, miguu na vipapasio vyote vinatoka, mmoja mmoja. Jipake majivu kidogo vidoleni ili bawa lisiteleze. Wanaouza waliochambuliwa nusunusu wapo, hasa foleni ikiwa ndefu. Ukiona miguu ya nyuma bado ipo, waachie, ina miiba inayokwaruza koo.

Osha kwa maji baridi mara tatu au nne mpaka maji yatoke meupe, kisha chuja vizuri. Tumia sufuria pana, moto wa kati, bila mafuta na bila mfuniko. Wapishi wengi wageni wanaharibu hapa: wanamimina mafuta kwanza, na senene ana mafuta yake ya kutosha, kwa hiyo mlo unakuwa wa kulowa na kukinaisha. Ukifunika, mvuke unarudi ndani na hawakauki kamwe. Koroga polepole. Kwanza maji yatakauka, halafu mafuta yataanza kung'aa chini ya sufuria na sauti itabadilika, kutoka kuchemka hadi kupasukapasuka. Hapo tia chumvi. Kitunguu na pilipili vinaingia dakika tatu nne za mwisho, vikitangulia vitaungua. Kwa nusu kilo hesabu kama nusu saa. Watandaze wapoe kabisa kabla ya kufunga, la sivyo kesho yake ni laini na ukungu uko njiani.

Wenye kudhurika na kamba wa baharini wajihadhari, kwani mwili unaweza kumkataa senene vilevile. Na usimlazimishe mwenyeji: miongoni mwa Baganda kuna ukoo wa Nsenene, na kwao mdudu huyu ndiye mwiko.

Kumbikumbi ni rahisi zaidi. Wanakaangwa kwenye kikaango kikavu mpaka mabawa yakatike, wanapepetwa kwa ungo, wanaanikwa. Kaskazini huwatwanga wakawa rojo la kula na viazi vitamu. Huko huko Acholi ulizia malakwang, mboga ya majani machachu inayopikwa na odii, yaani rojo la karanga na ufuta. Ukali wake unapunguzwa kwa kuchemsha majani na kumwaga maji ya kwanza. Mpishi mvivu asipomwaga, meno yatakufa ganzi. Luwombo, yaani nyama na mchuzi wake vilivyofungwa kwenye jani la mgomba vikapikwa kwa mvuke, sitaikalia sana, hoteli nyingi zinayo, ila ujue kipimo chake: jani la mgomba liwe limebabuliwa motoni hadi likalegea, na halina tundu. Likichanika, mchuzi wote unavujia kwenye sufuria na wewe unaletewa nyama kavu ndani ya jani zuri.

Sasa twende magharibi, Ankole, kwenye chakula ambacho mimi nakiweka juu ya vyote hivi, na ambacho mgeni hukiona kama maziwa yaliyomwagikia sahani. Eshabwe ni mchuzi mweupe, mzito, unaoliwa baridi pamoja na akaro, yaani ugali wa wimbi, au na matoke. Haupikwi hata kidogo. Mtaji wake ni siagi ya kienyeji iliyosukwa kwenye kibuyu na ambayo haijachemshwa. Samli iliyochemshwa haitakubali kugeuka nyeupe hata uisuke hadi jioni, na hapo ndipo wanaojaribu mjini hukwama.

Kwa kuanzia chukua nusu kilo ya siagi. Ponda kijiko kimoja cha chai cha magadi ya mawe, yayeyushe kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, yaache yatulie, kisha chuja, usitumie mashapo. Weka siagi kwenye chombo kipana cha udongo au cha mti, tia maji ya magadi kidogo kidogo huku ukiiponda kwa mkono au mwiko. Itakuwa na mabonge, usiogope. Endelea kwa mzunguko mmoja bila kubadilisha upande, ndivyo wanavyosisitiza wazee, na mimi sijaona sababu ya kubishana nao. Rangi itatoka njano, ipauke, iwe nyeupe kama mtindi. Hapo ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa, kama lita moja, kwa awamu, na chumvi ya kawaida mwishoni. Pitisha kwenye chujio kutoa nywele na vipande.

Maji yakiwa na joto, mafuta yanajitenga na kuelea juu. Magadi yakizidi, mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni, na hakuna dawa zaidi ya kuongeza siagi. Wengine hutia vipande vya nyama iliyokaushwa kwa moshi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo eshabwe ya kweli. Tahadhari moja: siagi hii inatokana na maziwa mabichi, na mabichi yana hatari ya homa ya brusela. Mjamzito aache, na wewe uliza ng'ombe wanatoka wapi kabla ya kuuliza bei.

Malewa yako upande wa pili wa nchi, Mbale na Bududa, miguuni mwa Mlima Elgon. Ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, hukaushwa kwa moshi na kuuzwa sokoni yakiwa vipande virefu vya rangi ya kahawia. Miaka inayogawanyika kwa mbili, ambayo ndiyo ya imbalu, tohara ya Wagisu, yanatakiwa karibu kila nyumba, na bei inafuata.

Chagua yanayokunjika kidogo kabla ya kuvunjika. Yanayokatika kama kuni yalivunwa yakiwa yamekomaa, yatabaki nyuzi hata uyapike siku nzima. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha mpaka yalainike, mwaga tena. Maji haya mawili ndiyo yanayoondoa uchungu, kwa hiyo usiyafanye mchuzi. Katakata, toa sehemu ngumu za chini, rudisha motoni na maji mapya pamoja na magadi kidogo. Karanga zilizosagwa zikorogee kando kwa maji ya vuguvugu ndipo uzimimine, na usiache kukoroga: karanga hushika chini haraka, na harufu ya kuungua haitoki. Chumvi ni ya mwisho.

Makavu yanasafiri vizuri, ila yafunge kwenye mifuko miwili, maana moshi wake huhamia kwenye nguo zote za begi.