Barua pepe niliyoikwepa siku nne

Niliiona Jumatatu asubuhi. Ilitoka kwa mkuu wa kitengo, na kichwa chake kilikuwa maneno matatu tu: "Hesabu za Machi." Sikuifungua. Nilipanga upya mafaili, nikajibu ujumbe usio na haraka, nikainuka mara tatu kwenda kunywa maji. Usiku macho makavu hadi saa nane, nikiitunga barua ile kichwani, kila mara ikizidi ukali. Alhamisi nilipoifungua, kumbe alitaka nakala ya jedwali moja. Kazi ya dakika tano.

Mwenzangu wa meza ya pili alipata barua hiyohiyo. Aliisoma, akashusha pumzi, akauliza jedwali lipi, akatuma. Mkuu ni yuleyule na kazi ni ileile.

Wanasaikolojia huitazama haiba kwa sifa kuu tano, na mojawapo ni wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Tafiti za wafanyakazi zimeihusisha sifa hiyo na dhiki ya akili mara nyingi kuliko zile nyingine nne. Mimi nimo humo. Tangu shuleni, nikiitwa na mwalimu mkuu, tumbo lilikata kabla sijajua ninaitiwa nini. Basi kwa miaka nilijiambia ndivyo nilivyoumbwa, nikaishia hapo.

Walionitoa hapo ni wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman, waliotofautisha mwaka 1984 kati ya kulikabili tatizo lenyewe na kutuliza hisia linazozua. Walieleza kwamba jambo likitokea mtu hupima: je, hili ni hatari kwangu? Tena: nina uwezo gani juu yake? Mimi nilikuwa nakwama kwenye swali la kwanza. Nikikwepa, moyo unatulia kidogo, na utulivu huo ndio unaonidanganya kwamba barua ilikuwa hatari kweli. Kesho yake inatisha zaidi. Wasiwasi nilizaliwa nao. Kukwepa nilijifunza mwenyewe, taratibu, bila kujua.

Siku hizi barua ya kunitia hofu naifungua nikiwa nimesimama, kabla sijapata muda wa kuitungia hadithi.

Lakini sikubali mfanyakazi aliyeelemewa aambiwe tu abadili mtazamo. Mtafiti wa msongo kazini, Robert Karasek, alionyesha mwaka 1979 kuwa kazi yenye madai makubwa na uhuru mdogo wa kuamua huzaa msongo. Wenzetu wawili walipoondoka na kazi zao tukaachiwa sisi, nilipanga ratiba mpaka nikachoka, na haikusaidia kitu, kwa sababu idadi ya watu haikuwa mikononi mwangu. Wakati ule kilichonifaa ni kumpigia dada simu na kulia. Huko nako ni kukabiliana, wala si udhaifu.

Wiki ya sita bila usingizi wa maana nilikwenda kwa mshauri nasaha. Akanipa dodoso la maswali 12. Moja liliuliza kama nimekosa usingizi kwa sababu ya wasiwasi. Nilishika kalamu kitambo, nikitamani kuliruka. Yeye alisubiri, hakusema neno. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha mwisho: zaidi sana kuliko kawaida.