Siku moja maishani mwangu: maktaba ya chuo kikuu, saa kwa saa

Saa 1:30 asubuhi. Mlango bado umefungwa, na kazi ya kwanza ni sanduku la kurudishia vitabu. Kilichotumbukizwa usiku hakipokelewi kwa tarehe ya leo. Aliyekileta jana saa nne usiku amewahi, na faini isimwangukie eti kwa sababu sanduku limefunguliwa asubuhi. Sisi tunaotumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba, tunaweka tiki kwenye chaguo la vitabu vya sandukuni, na mfumo unarudisha tarehe nyuma hadi siku ya mwisho tuliyokuwa wazi. Siku hiyo mfumo unaijua kwa kalenda tuliyoijaza wenyewe. Sikukuu ikitangazwa mlangoni bila kuingizwa kwenye kalenda, faini zinaweza kuendelea kuhesabiwa maktaba ikiwa imefungwa, na siku ya kufungua, kaunta inajaa watu wenye malalamiko ya haki. Kwangu tangazo la kufunga halijakamilika mpaka kalenda ibadilishwe.

Kila kitabu nakipekua kabla ya kukipokea, kuangalia kurasa zilizochomoka, mistari ya kalamu na unyevu. Kilicholowa hakipandi toroli pamoja na vingine, kwani ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48. Karatasi ya kawaida hukaushwa kwa upepo wa feni, kitabu kikiwa kimesimamishwa na kurasa zimeachana kidogo. Karatasi ya kung'aa ya vitabu vya picha ndiyo ya kuwahiwa. Ikikauka ikiwa imefumbwa, kurasa hugandana na kuzibandua ni kuzichana. Vikilowa vingi kuliko mikono iliyopo, vinaingia kwenye friza na kukaushwa baadaye kwa zamu.

Saa 2:30, kupanga rafu. Makosa mengi ya wasaidizi wapya yanatokana na nukta ya desimali. Katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada na unaotumika tangu 1876, 025.431 hutangulia 025.5, lakini jicho linaona 431 ni kubwa kuliko 5 na mkono unafuata. Baada ya nukta husomwa tarakimu moja moja: 4 iko kabla ya 5, basi. Rafu nayo isijazwe pomoni. Nikiacha kama robo wazi, vitabu vipya vinapata nafasi bila kusukumiza safu nzima. Na kitabu hakivutwi kwa kidole juu ya mgongo, maana hapo ndipo kitambaa kinapochanika. Sukuma ndani viwili vya jirani, kisha ukishike katikati.

Saa 4:00 ni zamu ya matangazo. Sentensi ya kwanza ibebe kinachobadilika, lini na wapi. Salamu na maelezo ya kamati vinaweza kungoja. Saa zinahitaji uangalifu wa pekee. Tangazo linasema saa 2:00 usiku, mfumo wa kuhifadhi vyumba unasema 20:00, na anayenakili haraka anaishia kuandika saa 8. Kwa hiyo naandika asubuhi, mchana au usiku kila mara, hata pale inapoonekana wazi. Tangazo lililopitwa na wakati linaondolewa siku hiyohiyo, ubaoni na kwenye tovuti. Msomaji akidanganywa na karatasi moja kuukuu, haziamini tena hata zile mpya.

Saa 5:00 hadi saa 7:00 maswali ni yaleyale: jarida la mtandaoni linadai malipo. Mara nyingi msomaji yuko nyumbani na amefika kwa mchapishaji kupitia injini ya utafutaji. Mchapishaji anautambua mtandao wa chuo kwa anwani zake za IP, yaani namba zinazoutambulisha, na simu ya nyumbani haimo. Lazima aanzie kwenye kiungo cha maktaba, aingize nywila ya chuo, ndipo seva yetu imwombee njia. Nauliza mambo matatu: uko wapi, umebofya kiungo kipi, na usajili wako wa muhula umekamilika? Wakilalamika kadhaa kwa wakati mmoja kuhusu mchapishaji mmoja, tatizo haliko kwao. Huenda mchapishaji amehamisha tovuti kwenye anwani mpya na seva yetu bado inaijua ya zamani.

Saa 8:00 mchana, warsha ya kupanga marejeo kwa programu ya Zotero. Kinachokula muda ni usakinishaji, kwa kuwa vitu ni viwili: programu yenyewe kwenye kompyuta na kiunganishi kwenye kivinjari. Mwenye kimoja tu hawezi kuhifadhi marejeo kutoka kwenye kivinjari moja kwa moja hadi kwenye kompyuta yake. Maelekezo hutumwa siku moja kabla, la sivyo chumba kizima kinapakua kwa pamoja na mtandao unalemaa. Kisha nasisitiza wakague kila rekodi inayoingia: kichwa kilichoandikwa chote kwa herufi kubwa, mwandishi aliyegeuzwa jina, mwaka uliokosekana. Programu inanakili ilichokikuta kwenye ukurasa, makosa yakiwemo.

Saa 10:30, maandalizi ya mazungumzo ya jioni na watafiti. Ukumbi wa ghorofa ya chini, mbali na wanaosoma. Kipaza sauti na projekta vinajaribiwa kwa kompyuta ileile itakayotumiwa na mzungumzaji.

Saa 3:30 usiku linatolewa tangazo la kwanza la kufunga, nusu saa kabla. Tunaanzia ghorofa ya juu kushuka, tukifunga madirisha, ili asibaki mtu nyuma yetu.

Ukumbi ukiwa mtupu natoa orodha ya vitabu ambavyo katalogi inasema vipo na wasomaji wamevikosa. Huu ndio utafutaji ninaoujali kuliko kazi nyingine zote za siku. Naanza mahali pake, kisha rafu ya juu na ya chini, kisha nyuma ya safu, maana vitabu vyembamba hudumbukia huko. Nabadilisha nafasi za tarakimu: cha 371.2 naenda kukitafuta 317.2. Namalizia toroli za kupangia, meza ya matengenezo na karibu na mashine ya kunakilia. Kisipoonekana, kinatafutwa tena wiki ijayo na mtu mwingine, kwa sababu jicho langu limeshazoea kukipita. Kikikosekana mara ya pili, nabadilisha hali yake kwenye katalogi kuwa "hakionekani", namwandikia aliyekiomba usiku huohuo kama nakala nyingine ipo au tunaiomba maktaba nyingine, na jina la kitabu linaingia kwenye orodha ya ununuzi.