Inategemea

Jumanne, usiku

Leo nimefungua tena mahojiano namba 17. Nilidhani nimemalizana nayo miezi minne iliyopita. Nimeyasikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimefumba macho, na sasa najua kwamba sura ya nne ya tasnifu yangu lazima niivunje niijenge upya.

Nieleze kwa asiyeijua kazi hii. Nasomea shahada ya uzamivu katika sayansi ya siasa, upande wa utawala wa umma, na utafiti wangu una swali moja tu: bunge likishapitisha sheria ya posho ya wazee, ni nani hasa anayeamua mzee yupi aipate? Nimewahoji watumishi wa dirishani, wale wanaopokea fomu na kuzigonga mihuri. Mahojiano yakishaandikwa neno kwa neno, kila kipande cha maneno hupewa msimbo, yaani jina fupi la kinachosemwa pale: "kanuni", "uhaba wa vifaa", "shinikizo kutoka juu". Kisha vipande vya msimbo mmoja unavikusanya na kuvisoma kwa pamoja. Ni kazi ya kuchosha macho na shingo, na naipenda.

Miongoni mwa misimbo yangu kuna mmoja nilioupa jina "hakuna jibu". Humo nilitia kila mahali ambapo mhojiwa alikwepa, alinyamaza, au alisema "inategemea". Wiki iliyopita msimamizi wangu aliniuliza humo mna vipande vingapi. Nikahesabu mbele yake: 63. Hakuna msimbo mwingine uliofika hata 50. Akaniangalia, akasema, "Basi rudi ukawasikilize. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kuwa hawajakujibu."

Ndiyo maana nikarudi namba 17. Mhojiwa ni mama wa makamo, ana miaka mingi kazini, mpole wa sauti. Nilimsomea swali la saba kama lilivyo kwenye mwongozo: mzee akija na karatasi mbili zenye miaka tofauti ya kuzaliwa, mnafanyaje? Akasema, "Inategemea, mwanangu." Nami nikasubiri kidogo, nikaenda swali la nane.

Kwenye kinasa sauti, baada ya neno "mwanangu" kuna kama sekunde sita. Miezi yote hii niliziandika kama kimya, kwa nukta tatu. Lakini si kimya. Karatasi zinasikika zikiburuzwa mezani, kitu kinainuliwa, kitu kinawekwa. Nikatoa daftari langu la uwandani, nikaitafuta tarehe ile, na pale pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Amechukua faili la juu, amelitazama, amelirudisha chini ya mengine." Nililiona nikaliandika, wala sikuliunganisha na swali. Faili lililokuwa la kwanza likawa la mwisho. Huyo mzee, awaye yote, siku yake iliahirishwa nikiangalia.

Kinachoniuma ni kwamba haya nimeyasoma. Nimeyafanyia mtihani! Mwaka 1887 Woodrow Wilson, kabla hajawa rais wa Marekani, aliandika makala akitaka utawala utengwe na siasa: wanasiasa waamue, watumishi watekeleze. Mstari safi kabisa. Kisha watafiti Pressman na Wildavsky, katika kitabu chao cha mwaka 1973, wakaufuatilia mradi wa serikali ya Marekani wa kuleta ajira katika mji wa Oakland, California. Pesa zilikuwepo, na walioutaka mradi walikuwepo, lakini ukakwama. Walipohesabu ni mara ngapi watu tofauti walipaswa kukubaliana ili mradi usonge mbele, wakapata mara 70. Chukua kikokotoo ufanye hesabu mwenyewe: hata kama kila hatua ina uwezekano wa asilimia 99 wa kupita, uwezekano wa zote 70 kupita haufiki nusu. Hesabu hiyo nilipoifanya mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Ndiyo iliyonitoa kwenye masomo ya uchaguzi na vyama nikaja huku.

Naye msomi Michael Lipsky, mwaka 1980, akasema jambo ambalo kila mwanafunzi wa fani hii analikariri: maamuzi ya mwalimu, ya polisi, ya mtumishi wa ustawi wa jamii, wakiwa na watu wengi na muda mchache, ndiyo yanayogeuka kuwa sera yenyewe. Nimemnukuu katika sura ya pili, kurasa tatu nzima. Kisha nikaja sura ya nne, mtumishi akanionyesha jambo lile lile kwa mkono wake, nami nikaliita hakuna jibu. Nadhani tatizo ni kwamba niliingia ofisini nikitafuta sentensi. Nilitaka mtu aniambie, "Mimi huamua hivi kwa sababu hii," ili ninukuu vizuri. Mtu ambaye kanuni inamkataza kuamua hawezi kukuambia hivyo.

Najua kamati itakayonitahini itauliza faili moja linathibitisha nini. Ni swali la haki na sitalikimbia. Nitavisikiliza vipande vyote 63, kimoja kimoja, nikiwa na daftari pembeni, nione ni wangapi waliofanya kitu kwa mikono wakati midomo yao inasema inategemea. Kinachonipa moyo ni Elinor Ostrom. Idara ya uchumi ilimkataa kwa sababu hesabu zake hazikutosha, akaingia sayansi ya siasa, na tasnifu yake ya mwaka 1965 ilihusu bonde moja tu la maji ya chini ya ardhi kusini mwa California: nani anavuta maji, nani anamzuia, wamekubaliana vipi. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi. Sijilinganishi naye. Ila alikaa na bonde lake hadi akalielewa, na hilo naweza kulifanya hata mimi.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo limeninyima usingizi. Mwisho wa mahojiano yale yule mama aliniambia, "Zima kwanza hiyo." Nikazima. Akazungumza dakika ishirini hivi. Siandiki hapa alichosema, na kwenye tasnifu hakimo, kwa sababu fomu ya ridhaa aliyosaini inaruhusu nitumie kilichorekodiwa tu. Ila kilichosemwa pale kinazieleza sekunde sita zile kuliko chochote nilicho nacho. Nikikifumba kwa maneno ya jumla, "baadhi ya watumishi huona kwamba", hakuna atakayejua. Leo saa mbili usiku niliiandika sentensi hiyo. Nikaitazama, nikaifuta. Aliniamini nilipozima kile kinasa sauti, na siri ya posho ya mzee yule haikuwa ya mama huyo peke yake.

Kwa hiyo nitafanya hivi: nitaiuliza kamati ya maadili kama naruhusiwa kumrudia. Wakikubali, nitampelekea nakala ya mahojiano yake pamoja na nilivyozielewa zile sekunde sita, nimwombe aniambie kama nimekosea. Akitaka kusema tena yale mengine, atasema kwa fomu mpya. Akikataa, basi.

Sura ya nne nimeifuta kuanzia ukurasa wa 112. Katikati nimeacha nafasi tupu, na juu yake nimeandika kwa penseli: namba 17, akiridhia.